KUCHAGUA BITI ZA KUBADILISHA HARAKA



Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Maana yake, mkulima wa kweli hulima hata kwa jembe lililochakaa. Lakini kwa seremala mambo ni tofauti. Seremala asiyechagua biti huharibu mbao za watu. Na mbao siku hizi ni ghali.

Leo katika ukurasa wetu wa ufundi tutazungumza juu ya biti. Biti ni kile chuma cha kutobolea ambacho hufungwa kwenye kekee au kwenye drili. Ziko biti za aina nyingi. Sisi tutatazama hasa zile ambazo siku hizi zimejaa madukani, biti za kubadilisha haraka. Shina lake halina umbo la mviringo. Lina pembe sita.

Wengi wanazinunua kwa sababu ya neno hilo, haraka. Je, haraka hiyo ina faida kiasi gani? Na biti ipi inafaa kwa kazi zetu za milango, vitanda na madawati? Hebu tuanze na mfano.

FUNDI NA MADAWATI ISHIRINI

Tuseme fundi mmoja ana karakana ndogo huku milimani, kwenye njia ya kwenda Mlalo. Umeme umefika kijijini, naye amenunua drili ya betri. Kamati ya shule inampa kazi ya madawati 20. Kila dawati litafungwa kwa bolti.

Kwa kila dawati fundi anahitaji biti tatu. Ya kwanza ni nyembamba, ya kuonyesha njia. Ya pili ni ya kupitisha bolti. Ya tatu ni pana, ya kuchimba shimo la kufichia nati ili isikwaruze miguu ya watoto. Tuseme kwa kila dawati anabadilisha biti mara 6.

Sasa tupige hesabu:

Madawati 20 mara 6 ni sawa na kubadilisha mara 120.

Kwa drili ya kukaza kwa ufunguo, tuseme kila mara inachukua nusu dakika. Mara 120 ni dakika 60, yaani saa nzima.

Kwa biti za kubadilisha haraka, tuseme kila mara inachukua sekunde 5. Mara 120 ni sekunde 600, yaani dakika 10.

Basi fundi ameokoa dakika 50. Ni faida, hatukatai. Lakini tazama yaliyompata.

Fundi huyu alinunua sanduku la biti nyingi kwa bei ndogo. Alipoanza dawati la pili, biti ya bolti ilikuwa inayumba. Matundu yakawa mapana na yamepinda. Bolti zikakaa upande. Kwenye dawati la tatu, biti nyembamba ilikatika shingoni ikabaki ndani ya ubao wa mkaratusi. Hakuwa na nyingine ya ukubwa ule. Asubuhi akapanda basi kwenda Lushoto mjini kutafuta biti. Siku ikaisha. Siku ya pili akaitumia kukata upya mbao zilizoharibika.

Alitaka kuokoa dakika 50. Amepoteza siku 2, nauli na mbao. Na kamati ya shule imeanza kunong'ona.

Hapo tunajifunza jambo la kwanza: haraka ya kubadilisha ni faida ndogo. Faida kubwa ni chuma kizuri, kilichonyooka na chenye makali. Ukivipata vyote pamoja, vizuri. Ukilazimika kuchagua kimoja, chagua chuma kizuri.

KUTOBOA MBAO NI KAZI YA ZAMANI

Babu zetu wa pwani walijenga majahazi kabla ya umeme. Walitoboa mbao kwa kekee ya uta. Fundi alizungusha kamba ya uta kwenye mti wa kekee, kisha akavuta na kusukuma kama anayekata kwa msumeno. Chuma kilizunguka mbele na nyuma, tundu likapatikana. Misumari ya jahazi ilipita kwenye matundu hayo bila kupasua ubao.

Baadaye ikaja kekee ya mkono, ile yenye mkono uliopinda kama goti. Wazee wengi mafundi wanayo mpaka leo. Itazame biti yake. Shina lake lina pembe nne, nalo linachongoka kidogo kuelekea mwisho. Kwa nini? Kwa sababu pembe hazitelezi. Chuma cha mviringo kinaweza kuteleza kinapobanwa, lakini chenye pembe hushikwa barabara.

Ile biti ya msokoto tunayoijua sote, yenye mifereji miwili ya kutoa unga wa mbao, ilipewa hati ya uvumbuzi huko Marekani mwaka 1863. Mvumbuzi wake alikuwa Stephen Morse. Mwaka 1917 kampuni ya Black & Decker, ya Marekani pia, ilipewa hati kwa drili ya umeme yenye mshikio kama wa bastola na kitufe cha kubonyeza kwa kidole. Drili zetu za leo zimefuata umbo lile.

Huku kwetu Usambara kazi ya mbao ina historia ndefu. Wakati wa utawala wa Wajerumani, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ulijengwa waya mkubwa wa kuteremshia mbao za mtarakwa kutoka Shume juu mlimani hadi Mkumbara kwenye reli ya Tanga. Leo misitu ya asili kama Magamba ni hifadhi, haikatwi ovyo. Mbao nyingi zinazofika kwenye karakana zetu ni za miti ya kupandwa, ya shamba la serikali la Shume au ya mashamba ya wananchi.

Basi unaona, shina lenye pembe ni wazo la zamani. Zamani pembe zilikuwa nne, siku hizi ni sita.

SHINA LA PEMBE SITA

Chukua biti moja ya kubadilisha haraka uishike. Ina sehemu tatu:

1. Ncha na makali. Hapa ndipo mbao inapokatwa.

2. Mwili. Mara nyingi una mifereji ya kutoa unga wa mbao.

3. Shina. Lina pande sita. Ukipima kutoka upande mmoja hadi upande unaoelekeana nao, utapata milimita 6.35, yaani robo inchi. Kipimo hiki ni kimoja kwa biti nyingi za aina hii, hata kama kampuni ni tofauti.

Tazama vizuri shina hilo. Baadhi ya mashina yana kiuno. Yaani kuna mfereji mdogo unaolizunguka shina, kama kiuno cha nyigu. Kiuno hiki ni muhimu. Mdomo wa haraka una vigololi vidogo ndani yake. Ukivuta pete na kuingiza biti, vigololi hukaa kwenye kiuno na kuizuia biti isitoke. Biti isiyokuwa na kiuno inaweza kubaki ndani ya tundu unapovuta drili yako.

TAZAMA MASHINE YAKO KWANZA

Usinunue biti kabla hujaujua mdomo wa mashine yako. Midomo iko ya namna tatu.

Mdomo wa meno matatu. Huu uko kwenye drili nyingi. Meno matatu hubana kwa kuzungusha kwa mkono au kwa ufunguo. Mdomo huu unashika biti za mviringo na pia biti za pembe sita. Kila jino hukaa kwenye upande mmoja, na biti haitelezi.

Mdomo wa haraka wenye pete. Huu uko kwenye mashine za kukazia skrubu. Unashika shina la pembe sita tu. Biti ya mviringo haiingii kabisa.

Mdomo wa kekee ya mkono. Huu ulitengenezwa kwa shina la pembe nne. Baadhi ya kekee zinaweza kushika pembe sita, nyingine haziwezi. Nenda na kekee yako dukani ujaribu.

Kumbuka pia kwamba ile mashine ya kukazia skrubu hupiga mapigo madogo wakati inazunguka. Utaisikia inalia tra-tra-tra. Mapigo hayo huvunja biti nyembamba zisizo imara. Kama unatumia mashine hiyo kutobolea, ulizia biti zilizotengenezwa kwa mapigo.

Na kama una biti nzuri za mviringo ambazo bado zina makali, usizitupe. Endelea kuzitumia kwenye mdomo wa meno matatu. Biti ya mviringo iliyonyooka, ikibanwa vizuri, huyumba kidogo kuliko nyingi za pembe sita. Kwa kazi ya kutaka tundu sahihi kabisa, mafundi wengi bado wanaipenda.

AINA ZA BITI NA KAZI ZAKE

Dukani utaziona nyingi. Zifuatazo ndizo tunazozihitaji zaidi.

Biti ya msokoto. Hii ndiyo ya kila siku. Hutoboa mbao na pia chuma. Inafaa kwa tundu la kuongoza skrubu na tundu la kupitisha skrubu. Tafuta iliyoandikwa HSS. Herufi hizo ni alama ya chuma kigumu kisichopoteza ugumu upesi kinapopata joto.

Biti ya ncha tatu. Ina ncha ndogo katikati na meno mawili pembeni. Ncha ya katikati hukaa pale pale ulipotia alama, haitangitangi. Meno ya pembeni hukata nyuzi za mbao kwanza, ndiyo maana tundu lake huwa safi. Inafaa kwa matundu ya vigingi vya mbao katika kuunga meza na vitanda. Usiitumie kwenye chuma.

Biti bapa. Ni pana kama sepetu ndogo. Hutoboa matundu makubwa kwa haraka, nayo ni ya bei nafuu. Ubaya wake ni kupasua mbao upande wa pili inapotokea. Dawa yake iko. Ukiona ncha imechungulia upande wa pili, simama. Geuza ubao, weka ncha kwenye kitundu kile, umalizie kutoka huko.

Biti ya skrubu nchani. Ni ndefu, ina msokoto mkubwa, na nchani ina skrubu ndogo inayojivuta yenyewe ndani ya mbao. Inafaa kwa matundu marefu, kama ya boriti au ya miimo ya milango. Izungushe polepole. Ukiikimbiza, itajivuta kwa nguvu na kukuzungusha mkono.

Biti ya Forstner. Imepewa jina la mvumbuzi wake, Benjamin Forstner wa Marekani. Hutoboa shimo pana lenye chini bapa. Ile ya milimita 35 ndiyo inayotumika kwa bawaba za kujificha za makabati. Kama hutengenezi makabati, huna haja nayo kwa sasa.

Biti ya kufukia kichwa cha skrubu. Ni fupi na imechongoka. Huchimba kibonde kidogo ili kichwa cha skrubu kilale sawa na ubao.

Angalizo: Iko biti nyingine ya ukuta. Nchani ina kipande cha chuma kilichobandikwa, kipana kidogo kuliko mwili wake. Hiyo ni ya matofali na zege. Kwenye mbao hukwangua na kuunguza tu. Wauzaji wengine huzichanganya katika sanduku moja, basi angalia.

MBAO ZETU NA BITI

Mbao zote hazitobolewi kwa namna moja.

Mbao za msindano, yaani paini, na za saiprasi ni laini. Biti huingia upesi. Lakini paini ina utomvu. Utomvu hushika kwenye mifereji ya biti, ukachanganyika na unga, biti ikaanza kuchoma badala ya kukata. Toa biti mara kwa mara uikung'ute. Ukimaliza kazi, ifute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, mbali na moto.

Mkaratusi ni mgumu na hupasuka kwa urahisi. Huku usithubutu kukaza skrubu bila tundu la kuongoza. Karibu na mwisho wa ubao kuwa mwangalifu zaidi. Mtarakwa nao hupasuka upesi, na kila kipande ni mali.

Mbao mbichi ni adui wa biti. Unga wake ni mzito, haupandi kwenye mifereji. Tena mbao ikikauka, tundu hubadilika umbo na skrubu hulegea. Fundi asilaumu biti kwa kosa la mbao mbichi.

Je, tundu la kuongoza skrubu liwe na ukubwa gani? Hapa huhitaji jedwali. Shika skrubu kwa mkono mmoja na biti kwa mkono mwingine. Weka biti mbele ya skrubu, uzitazame kwenye mwanga. Biti ikifunika mwili wa skrubu, na meno ya skrubu yakaonekana pande zote mbili, hiyo ndiyo biti yako. Kwa mfano, kwa skrubu ya milimita 4, biti ya milimita 2.5 inafaa kwa mbao laini. Kwa mbao ngumu tumia ya milimita 3. Ukipaka skrubu sabuni kavu kidogo, itaingia bila taabu.

TWENDE DUKANI

Sasa tumsikilize fundi kijana akizungumza na mzee, fundi wa siku nyingi. Wamekutana mbele ya duka la vifaa vya ujenzi.

Kijana: Shikamoo, mzee.

Mzee: Marahaba, mwanangu. Habari za kazi?

Kijana: Njema, mzee. Nimekuja kununua sanduku la biti. Lile pale lina biti 30, tena zinang'aa kama dhahabu!

Mzee: Hebu ngoja kwanza. Wewe kazi yako ni nini?

Kijana: Milango, vitanda na stuli.

Mzee: Katika biti 30 utatumia ngapi?

Kijana: Labda sita au saba.

Mzee: Basi hizo nyingine utazinunulia nini? Fedha ya biti 30 dhaifu inaweza kununua biti sita nzuri. Na hiyo dhahabu ni rangi ya juu. Rangi nyingine ni dawa kweli ya kupunguza msuguano, nyingine ni pambo tu. Kwa macho huwezi kujua. Usinunue rangi.

Kijana: Sasa nitajuaje biti nzuri, mzee?

Mzee: Mwombe muuzaji kioo au kitu chochote kilicho bapa. Weka mwili wa biti juu ya kioo, shina lining'inie nje ya ukingo. Ivingirishe taratibu. Tazama shina. Likizunguka palepale, biti imenyooka. Likipanda na kushuka, imepinda. Irudishe.

Kijana: Na shina lenyewe?

Mzee: Tazama shingo, pale mwili unapokutana na shina. Biti nyingine ni kipande kimoja cha chuma kutoka ncha hadi mwisho. Nyingine ni vipande viwili, biti ya mviringo imechomekwa ndani ya shina la pembe sita. Ikichomekwa vizuri hufanya kazi. Ikichomekwa ovyo, hukaa upande, na hapo ndipo inapolegea au kukatika. Kisha tazama makali. Yale mawili ya nchani yawe sawa kwa urefu. Ukiona moja refu na jingine fupi, tundu litakuwa pana kuliko namba iliyoandikwa.

Kijana: Na drili yangu nije nayo?

Mzee: Hilo ndilo la maana kuliko yote! Njoo nayo. Funga biti, zungusha polepole, tazama ncha. Ikichora duara hewani, inayumba. Kidogo sana si neno kwa tundu la skrubu. Lakini kwa tundu la kigingi au la bolti, hiyo haifai.

Kijana: Muuzaji hatakasirika?

Mzee: Kuuliza si ujinga, na kujaribu si wizi. Anayeuza kitu kizuri hachukii kitazamwe. Tena umwombe stakabadhi.

Kijana: Asante sana, mzee. Nimeelewa.

UNUNUE ZIPI KWANZA?

Kwa seremala wa kijijini mwenye fedha kidogo, tunashauri aanze na hizi, moja moja, zisizo katika sanduku:

1. Biti za msokoto za milimita 2.5, 3, 4 na 5. Zile nyembamba ununue mbili mbili, maana ndizo zinazokatika.

2. Biti moja ya ncha tatu ya milimita 8 au 10, kwa vigingi.

3. Biti bapa moja au mbili, kwa ukubwa wa nati au kitasa unachotumia zaidi.

4. Biti moja ya kufukia kichwa cha skrubu.

Zile unazobadilisha mara nyingi, yaani ya kuongoza, ya kufukia kichwa na ncha ya bisibisi, zinafaa sana ziwe za pembe sita. Hapo haraka ina faida kweli. Mkono mmoja unashika ubao, mwingine unavuta pete. Ile ya vigingi inaweza kuwa ya mviringo, kwa sababu hapo unataka usahihi.

Kama mpo mafundi wanne au watano katika kijiji kimoja, shaurianeni. Zile kubwa za bei, kama ya Forstner au ya skrubu nchani, si za kila siku. Kila mmoja akinunua moja na mkaazimana kwa daftari, wote mtakuwa na sanduku kamili. Andikeni nani kachukua, siku gani, na karudisha lini. Hapo ndipo kujua kusoma na kuandika kunapozaa matunda.

KUTUNZA BITI

Milima yetu ina ukungu na unyevu. Chuma hupata kutu upesi. Ukimaliza kazi, kung'uta unga wa mbao, maana unga hushika maji. Futa biti kwa kitambaa chenye mafuta ya mashine kidogo.

Usizitupe zote katika mfuko mmoja. Zinagongana na makali yanakufa. Chukua kipande cha ubao, toboa matundu kwa mstari, chomeka kila biti mahali pake, na chini yake andika ukubwa wake. Jioni ukiona tundu tupu, utajua biti gani imepotea.

Biti ikianza kutoa moshi, simama. Moshi maana yake makali yamekwisha, au unga umejaa, au unazungusha mbio mno. Biti nyembamba huzungushwa haraka, biti pana huzungushwa polepole. Biti bapa unaweza kuinoa mwenyewe kwa tupa ndogo. Fuata mteremko wa makali uleule, na pande zote mbili ziwe sawa. Usiinoe pembeni, maana itapungua upana.

USALAMA

Zima drili na utoe betri, au chomoa waya, kabla ya kubadilisha biti. Neno haraka lisikusahaulishe hili.

Usishike biti iliyotoka kutoboa. Ni ya moto, itakuunguza.

Funga ubao kwa jiliwa, au uubane vizuri kwenye meza. Usiushike mapajani.

Usivae glovu wala mikono mirefu ya shati inayoning'inia. Biti ikishika nguo huvuta na mkono. Mwenye nywele ndefu azifunge.

Vaa miwani ya kazi. Kipande cha biti kilichokatika kinaruka kama risasi. Jicho haliuzwi dukani.

TURUDI KWA FUNDI WETU

Fundi wetu wa madawati alifanyaje? Alichukua ubao mgumu akatengeneza kiongozi, yaani kipande chenye matundu yaliyopimwa sawasawa. Akakibana juu ya kila dawati na kutobolea humo. Akapanga kazi upya. Alitoboa kwanza matundu yote membamba ya madawati matano, kisha yote ya bolti, kisha yote ya nati. Sasa habadilishi biti mara 6 kwa kila dawati. Anabadilisha mara 3 kwa madawati matano. Kwa madawati 20 ni mara 12 tu, badala ya mara 120!

Unaona, ndugu msomaji? Hata kwa drili ya ufunguo, mara 12 kwa nusu dakika ni dakika 6. Mpango mzuri wa kazi umeshinda mdomo wa haraka. Biti nzuri, kiongozi kilichonyooka na mpango mzuri, hivyo ndivyo vilivyomaliza madawati. Watoto wamekaa, na kamati imeacha kunong'ona.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Ujue mdomo wa mashine yako kabla ya kununua biti.

2. Shina la pembe sita halitelezi, lakini liwe na kiuno kama unatumia mdomo wa haraka.

3. Nunua biti chache nzuri, usinunue nyingi dhaifu.

4. Ivingirishe biti juu ya kioo uone kama imenyooka.

5. Panga kazi ili ubadilishe biti mara chache.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini biti ya pembe sita haitelezi kwenye mdomo wa drili?

2. Fundi anatengeneza vitanda 10. Kwa kila kitanda anabadilisha biti mara 8. Kila mara anatumia nusu dakika. Je, anatumia dakika ngapi kwa jumla? Afanyeje ili azipunguze?

3. Katika kijiji chenu wako mafundi wangapi wa mbao? Je, wanaweza kuazimana vifaa? Andikeni masharti matano ya kuazimana.

4. Kila mwanakikundi alete biti moja kutoka nyumbani au karakana. Zitazameni pamoja. Ipi ni ya mbao, ipi ya chuma, na ipi ya ukuta? Ipi imepinda?